Mrejesho: pensheni ya Uingereza na ile 20% iliyobaki

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza mbona huku Uingereza sehemu ya mshahara wangu inakatwa kodi ya 40% lakini pensheni niliyofungua mwenyewe inarudishiwa 20% tu. Kumbe hiyo 20% kampuni ya pensheni inaidai yenyewe, naweka pauni 3,200 kwa mwaka inasoma 4,000, ila ile 20% nyingine, yani 800 zingine mbali na hizo, lazima uwaambie HMRC (mamlaka ya kodi ya huku) la sivyo zinalala hukohuko. Nikawaandikia, wakabadilisha msimbo wangu wa kodi (namba inayomwonyesha mwajiri kiasi gani cha mshahara kisikatwe kodi) toka 1257L kwenda 1457L, yani wameniongezea pauni 2,000 zisizokatwa kodi na 40% yake ndo hiyo 800 yenyewe. Mhasibu wa mishahara kazini hana la kufanya, anapokea msimbo anauingiza basi, msimkabe koo bure. Slipu ya mwezi huu makato yameshuka kweli.

Ila wale pensheni yenu inakatwa kazini kabla ya kodi, nyie mshapata yote palepale, msidai tena. Na ukipunguza unachoweka wataarifu, maana msimbo unaendelea na mwaka ujao, baadae watakudai. Miaka ya nyuma nayo inadaiwa, mwisho minne, ndo naihangaikia sasa hivi.