Prado 120, VX 100 au Discovery 3 kwa familia ya watu saba Mbeya: nikague nini kabla ya kutoa hela?

Baba Lusajo (Uyole)

Wakuu, habari za majukumu. Nyumbani tuko saba: mimi, mama watoto, watoto wanne na mama yangu mzazi ambaye magoti yameanza kumsumbua. Kigari chetu kidogo hakitutoshi tena, tukienda Tukuyu tunakwenda kwa zamu. Ukweni ni Makete, na njia yetu ni ile ya Isyonje kupanda Kikondo mpaka Kitulo. Mvua za Januari mnajua zinavyoifanya. Mara moja kwa mwaka tunashuka Dar.

Nina milioni 52 nilizozidunduliza miaka sita. Nikikosea, hela ya kurudia sina. Nimeonyeshwa magari matatu, yote ya mkononi, yote hapa mjini. La kwanza Toyota Prado 120 ya 2005, petroli 2.7, usajili wa namba D. La pili Toyota Land Cruiser VX 100 ya 2001, dizeli 4.2 yenye turbo. La tatu Land Rover Discovery 3 ya 2007, dizeli 2.7, na hili ndilo la bei ya chini kuliko yote, ndani limetulia kama sebule. Kila dalali ananiambia lake ni la kuwasha na kuondoka. Naombeni uzoefu wenu, hasa cha kukagua.

Kijana wa Mbalizi

VX, kaka. Usiwaze mara mbili. Injini ile ya 4.2 ukiibadilishia oili kwa wakati utamrithisha Lusajo.

Fundi wa Sae

Baba Lusajo, kabla hatujabishania majina nikwambie ninachokiona gereji. Magari makubwa yanayoletwa kwangu kwa kuvutwa, mengi hayajafa kwa uzee. Yamechemshwa. Mwenye gari alichemsha siku moja akipanda mlima Kitonga, akajaza maji ya dumu, akaendelea na safari, baada ya miezi miwili akauza. Anayekuja kulipia silinda hedi, kile kichwa cha injini, ni mnunuzi.

Na huku kwetu juu jambo hili lina uzito zaidi. Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, yanachemka kwenye 94 hivi. Kitulo, mita 2,600, yanachemka kwenye 91. Injini nzima kabisa inafanya kazi kwenye nyuzi hizo hizo za 90 hivi. Kinachoyazuia maji yasichemke ni presha iliyofungiwa ndani na kifuniko cha rejeta. Springi ya kifuniko ikichoka, gari linaloenda vizuri Morogoro litakuchemkia Kikondo. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo, lakini ndicho ninachoanza kukishika.

Sasa fanya hivi. Nenda saa 12 alfajiri, usimpigie muuzaji simu mpaka umefika getini. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na vuguvugu, ameshaliwasha ili usione linavyoamka. Muage kwa heshima, mwambie utarudi siku nyingine. Likiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi ya kulenti, ile dawa ya kupozea injini, kijani au nyekundu. Ukikuta uji wa kahawia, limenyweshwa maji ya bomba miaka. Pitisha kidole ndani ya mdomo wa rejeta ukisugue na kidole gumba: kikiteleza mafuta, hapo hapo umemaliza ukaguzi. Fungua na kifuniko cha oili uangalie chini yake. Ukoko wa rangi ya chai ya maziwa maana yake maji na oili vinakutana.

Halafu funga, mwambie awashe, wewe ushike ule mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Dakika ya kwanza unatakiwa uwe laini, ukiubonyeza unabonyea. Ukijaa na kukaza kama tairi la baiskeli lililotoka kupigwa upepo, wakati injini bado ya baridi, ile ni presha ya kwenye silinda imepenya kwenye maji. Gasketi imeungua au hedi imepasuka. Asikuambie ni kawaida ya gari kubwa.

Moshi: mweupe mwepesi unaopotea upesi kwenye baridi yetu ya Juni ni mvuke tu. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi mzito kwenye dizeli, angalia nozeli zinazopuliza mafuta, na turbo.

Injini zenyewe zinatofautiana. Petroli 2.7 ya Prado ni 2TR, inatumia cheni, haina beliti ya taimingi, ile ya kubadilishwa kila baada ya muda kabla haijakatika, ya kukutia hofu. Dizeli ya VX, 1HD-FTE, ina beliti. Ya Discovery nayo ina beliti. Muuzaji asiye na risiti wala kumbukumbu ya lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa, na gharama hiyo itoe kwenye bei. Ukikutana na Prado ya dizeli ya 3.0 kuwa mwangalifu. 1KZ ya zamani haipendi kabisa kuchemka, hedi yake hupasuka. 1KD iliyoifuata, zile pete (washa) za shaba chini ya nozeli zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio kule chini kwenye sampu, bakuli la oili.

Mama Upendo (Njombe)

Mafundi mmesema ya injini, niseme ya abiria. Baba Lusajo, usiende kukagua peke yako. Nenda na bibi na watoto, wakae wote saba, mzunguke nusu saa.

Prado 120 na VX, viti vya nyuma kabisa vinakunjwa pembeni, kushoto na kulia. Ukivikunja vinakula nafasi, na ukivifungua gunia la viazi halina pa kukaa, unabaki na kipande chembamba nyuma. Mtu mzima akikaa kule magoti yanafika kidevuni. Kwa hiyo kule ni kwa watoto, na bibi akae safu ya katikati mlangoni. Mwangalieni anavyopanda, je, kuna ngazi ya pembeni na mkono wa kushikilia? Mama yangu tulimbebea kigoda mwaka mzima kwa sababu hatukuliwaza hilo mapema. Discovery kwa hili inazishinda zote: viti vya nyuma vinazama sakafuni vikawa tambarare, na mtu mzima anakaa kule vizuri.

Na vuteni kila mkanda, yote saba. Uvute hadi mwisho. Pale chini karibu na sakafu kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Mikanda sita ya 2005 na mmoja wa 2011, muulizeni huo mmoja ulibadilishwa kwa nini.

Mzee wa Gangilonga (Iringa)

Kamwene. Mimi ni mtu wa Discovery, ninayo mwaka wa nne, kwa hiyo nisikilizeni bila kudhani naichukia. Kwa safari ya lami hakuna kati ya hayo matatu linalomfikisha mama mzee Dar akiwa hajachoka kama hilo. Lakini ni gari la mtu mwenye gari jingine nyumbani. Limesimama juu ya mifuko ya hewa magurudumu yote manne. Mfuko ukivuja au kompresa inayoijaza upepo ikichoka, gari linalala chini na haliendi Kitulo wala sokoni. Kazi nyingi za injini, turbo ikiwamo, mafundi wengi huzifanya kwa kuinua bodi yote kutoka kwenye chasisi. Na ile 2.7 ina historia inayojulikana duniani ya krankishafti, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, kukatika. Mimi spea nasubiri zitoke Dar, na wakati huo natembelea gari la mke wangu. Wewe una hela ya gari moja.

Ukitaka kulipima, mwombe muuzaji aliegeshe jioni sehemu tambarare, upime kwa rula kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa matao, pande zote nne. Urudi asubuhi upime tena. Na usilinunue bila kulipima kwa mashine inayosoma Land Rover, vimashine vya kawaida havioni kila kitu.

Dereva wa Kitonga

Mtu akikaa sebuleni hawezi kulijua gari. Pakia watu saba, shika barabara ya Chunya, panda mpaka msitu wa Kawetere. Mlima ule unasema kila kitu. Macho kwenye geji ya joto, sindano ikishafika katikati isisogee tena hadi juu. Giaboksi ya otomatiki ibadilishe gia bila kupiga teke wala kuruka raundi huku gari likibaki pale pale. Ukirudi kuteremka, weka gia ndogo, usikie kama injini inalishika gari. Kanyaga breki katikati ya mteremko: stelingi ikitetemeka, diski zimepinda.

Ila Baba Lusajo, ukweli wa petroli 2.7 usifichwe. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda. Kule Kitulo Prado yako itabaki na robo tatu ya nguvu zake, na zilikuwa farasi 163 tu tangu mwanzo. Itafika, lakini kwa gia ya pili na kelele. VX yenye turbo na farasi zaidi ya 200 haitasikia sana. Ukiwa mtu wa haraka utaumia.

Fo wili pia. Prado 120 na VX zinavuta magurudumu yote muda wote, kwa hiyo tairi nne zifanane saizi na kuchakaa. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne: 2314 ni wiki ya 23, mwaka 2014. Tairi la umri huo hata kama kashata zake zimejaa, litoe. Kabla hujalipa, ingia kwenye udongo mlaini, funga loki ya difu ya katikati, weka gia za chini, tembea mita 20. Gari ambalo halijawahi kuwekwa huko lever inakuwa imeganda kabisa.

Dada wa Soweto

Nazungumzia makaratasi, maana hapa tuko karibu na mipaka ya Tunduma na Kasumulu. Kuna magari yaliingia nchini kama IT, ya kupita kwenda Zambia au Malawi, yakaishia mitaani kabla ya kuvuka. Hayajalipiwa ushuru. Bei yake inakuwa tamu, na siku likikamatwa unapoteza gari na hela.

Shika kadi halisi, si picha ya simu. Jina lililopo lifanane na kitambulisho cha NIDA cha anayekuuzia. Jina la benki likiwamo kwenye kadi, mkopo haujaisha, hakuna malipo mpaka benki iandike barua. Namba ya chasisi isome kwenye chasisi yenyewe, siyo kwenye kibati; kwa Prado 120 imegongwa mbele upande wa kulia, ndani ya tao la tairi. Chukua tochi na kitambaa, ifute matope, isome herufi kwa herufi na kadi mkononi. Ikiwa pameng'arishwa au herufi hazijakaa mstari mmoja, ondoka. Namba ya gari iingize kwenye mfumo wa faini za polisi uone madeni. Mkataba uandikwe kwa mwanasheria, na kama muuzaji ni mtu wa ndoa mwenza wake asaini. Mimi niliruka hilo la mwisho, mke wa muuzaji akaja kwangu na watoto wanalia. Sitaki hata kukumbuka siku ile.

Kijana wa Mbalizi

Kwa nini asiagize Japani kabisa?

Dada wa Soweto

Kwa miaka hiyo ya magari anayoyataka? Gari lililozidi miaka 8 linabeba ushuru wa uchakavu juu ya ule wa kawaida, na injini ya juu ya cc 2,000 inatozwa zaidi. Milioni 52 haitafika. Bora la mkononi ambalo anaweza kulipanda mwenyewe.

Baba Lusajo (Uyole)

Ndaga fijo wote, Mungu awabariki. Nimetumia wiki mbili kufuata mlichoandika, na Fundi wa Sae alinisindikiza siku ya mwisho.

VX: nilifika saa 12 alfajiri, boneti ya moto. Nikaaga. Nikarudi siku ya nne, ya moto tena, na mlinzi akaninong'oneza kwamba anaagizwa kuiwasha saa 11. Sikurudi tena. Iliniuma, kwa sababu moyo wangu ulikuwa kwenye gari lile.

Discovery: nilipima kwa rula. Jioni pande zote sawa, asubuhi nyuma kushoto imeshuka sentimita nne. Mama alipanda akatabasamu, akasema hapa ningelala. Nimeiacha hata hivyo.

Prado: boneti ya baridi, kulenti nyekundu safi, mpira laini. Nilipitisha kidole kama ulivyosema, kikatoka kikavu. Chini tulikuta chasisi imepakwa rangi nyeusi mbichi, tukashtuka. Fundi akalala chini na bisibisi, akakwangua na kugonga mita kwa mita mpaka nyuma ya matairi ya nyuma. Kutu ya juu juu tu, chuma kinalia vizuri. Mkanda mmoja ulikuwa na tarehe tofauti, wa dereva. Muuzaji akakiri lilipigwa ubavuni mwaka 2012, akatuonyesha na risiti za mlango. Namba ya chasisi imesomeka, kadi ina jina lake. Kupanda Kawetere tukiwa saba tulienda taratibu sana, malori mawili yalitupita, lakini sindano haikusogea. Bushi za mbele zimekwisha na tairi zote ni za 2015. Ametoa milioni tatu kwa hayo. Jumatatu tunakutana kwa mwanasheria, na mke wake anakuja.

Fundi wa Sae

Safi. Jumanne lilete, tuanze na bushi na oili ya giaboksi. Kifuniko cha rejeta nunua kipya kabla hujapanda Kikondo, na cha zamani usikitupe, niletee nikakione springi yake.