Mti wa Krismasi na upagani: tuleteeni maandishi

Mleta mada: Wakuu, kila Desemba wimbo ni uleule: mti wa Krismasi ni wa kipagani na Yeremia 10 imeukataza. Nimeisoma sura hiyo. Mti unakatwa msituni, fundi anauchonga, unapambwa kwa fedha na dhahabu, unagongelewa misumari usitikisike. Kisha tunaambiwa hausemi, na lazima ubebwe kwa kuwa hauwezi kutembea. Hicho ni kinyago jamani! Nani amewahi kungoja mti wa Krismasi umjibu?

Mti huu una maandishi yake. Mwaka 1605 mtu mmoja alieleza jinsi watu wa Strasbourg, mji wa Ufaransa ya leo, walivyosimamisha misonobari sebuleni na kuitundika mawaridi ya karatasi, matufaha na vitu vya sukari. Kwa nini matufaha? Tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya Adamu na Hawa, na Wajerumani walikuwa na maigizo ya bustani ya Edeni yenye mti wa matunda. Mimi naona yale mapambo mekundu ya duara ni tunda lilelile, limegeuka kioo tu.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mti nakuachia. Tarehe je? Kaisari Aurelian alizindua hekalu la Jua Lisiloshindika, mungu wa Warumi, mwaka 274. Kalenda ya Roma ya mwaka 354 inaandika 25 Desemba "kuzaliwa kwa Asiyeshindika", na mbio 30 za magari ya farasi juu yake. Hiyo nayo ni bahati?

Mleta mada: Hapo umenibana, sikatai. Ila kitabu hichohicho cha 354 ndicho kinachotaja pia Kristo kuzaliwa Bethlehemu siku hiyo. Umejuaje nani kamuiga nani? Na Augustino, yule askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, anatoa hesabu nyingine: mimba ilitungwa 25 Machi, ongeza miezi tisa. Unaweza kuiona hesabu hiyo ya ajabu, lakini haina jua ndani yake.

Mchangiaji wa pili: Mimi shida yangu ni Baba Krismasi, yule babu mwenye ndevu. Si alibuniwa na kampuni ya soda?

Mchangiaji wa tatu: Hapana ndugu. Matangazo ya Coca-Cola yaliyochorwa na Sundblom yalianza 1931. Thomas Nast alikuwa akimchora kwenye gazeti la Marekani tangu 1863. Na nyuma yao wote kuna Nikolasi, askofu wa Myra, Uturuki ya leo. Soda ilimtangaza, haikumzaa.

Tena msidhani ubishi huu umeletwa na intaneti. Mwaka 1659 Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, wa Massachusetts huko Marekani walipiga marufuku Krismasi, ukikamatwa faini shilingi tano. Sheria ilifutwa 1681.

Mleta mada: Asante, hiyo ya faini sikuwa nayo. Sasa upande wa pili: mwenye andiko la wapagani wenyewe linaloeleza mti uliopambwa ndani ya nyumba, aliweke hapa tulisome. Picha zenye maneno makubwa mekundu hazihesabiki.