Bei ya Denver, bili ya Dallas: wauzaji wa magari ya umeme wanatudhulumu peupe

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Niko Dallas, Texas. Gari la umeme nimelichukua kwa mkataba wa kukodi wa miezi 36 kutoka yadi moja ya Denver, Colorado, na bei waliyoniandikia kwa barua pepe ilikuwa dola 229 kwa mwezi. Mkataba uliokuja kusainiwa ulisema 418. Ujumbe wangu wa kwanza kabisa kwao ulikuwa na anwani yangu ya Texas na swali moja: nikilisajili huku, nitalipa ngapi kwa jumla? Wakajibu 229, kila kitu kimo. Barua pepe ninayo.

Hiyo 229 ilipikwa hivi. Mwaka 2025 jimbo la Colorado lilikuwa linatoa nafuu ya kodi ya dola 3,500 kwa gari jipya la umeme, la kununua au la kukodi, na mteja anaruhusiwa kumwachia mkopeshaji nafuu hiyo ili bei ishuke papo hapo. Ndiyo sababu matangazo ya Denver yalikuwa yanatutoa udenda sisi wa majimbo mengine. Lakini sharti lake ni gari lisajiliwe Colorado, na hakuna muuzaji wa kule asiyelijua. Kwa hiyo waliniuzia nafuu wanayojua fika kwamba siipati. Gawa 3,500 kwa miezi 36: dola 97 kila mwezi.

Halafu kodi ya Texas. Majimbo mengi hutoza kodi kwenye yale malipo ya kila mwezi tu. Texas inachukua asilimia 6.25 ya bei nzima ya gari, hata kama unalikodi na utalirudisha. Gari la dola 38,000 linadaiwa 2,375, sawa na dola 66 kwa mwezi. Hili nalo si siri, na kodi huenda kule gari linakosajiliwa, si kule lilikonunuliwa. Tukijumlisha tunafika 392.

Iliyobaki ni ada za makaratasi na riba. Angalieni sana riba ya mikataba hii, kwa sababu haiandikwi kwa asilimia. Huandikwa kama kidesimali ambacho jicho linakiruka. Wangu ulisema 0.0032. Zidisha kwa 2,400 upate riba ya mwaka: asilimia 7.68. Yadi inaruhusiwa kuongeza juu ya kiwango cha kampuni ya fedha na kubaki na faida, na hakuna aliyenitamkia hilo hata mara moja.

Nikawauliza, na zile dola 7,500 za nafuu ya kodi ya serikali kuu kwa magari ya umeme? Maana kwenye kukodi, fedha hizo zinakwenda kwa mwenye gari, yaani kampuni ya fedha, na sheria haikumlazimisha ampunguzie mteja. Nikajibiwa zimo ndani ya bei. Wapi? Hakuna mstari hata mmoja kwenye mkataba unaozionyesha. Nafuu hiyo ilikuwa inakufa tarehe 30 Septemba 2025, na mkataba wameuleta siku zikiwa ukingoni, gari liko njiani juu ya lori, usafiri umeshalipiwa na haurudishwi, na gari langu la zamani limeshauzwa. Mtu akikubana hivyo anajua anachofanya.

Basi ningemeza hasira kama gari lingetembea. Halitembei! Gari la kukodi kadi yake ina jina la kampuni ya fedha, si langu. Texas fomu ya kuombea kadi, 130-U, inatakiwa isainiwe na mwenye gari, au mimi niwe na hati ya kuniidhinisha nisaini kwa niaba yake. Yadi iliahidi kutuma kila kitu. Ilichotuma ni bahasha isiyo na hati hiyo. Karani wa ofisi ya kodi ya kaunti alinisikiliza vizuri, lakini mikono yake imefungwa. Napiga simu Denver, naambiwa niulize kampuni ya fedha. Kampuni ya fedha inasema hiyo ni kazi ya yadi. Kibali cha muda cha siku 60 kimekwisha, gari limeegeshwa, na 418 inakatwa benki kila mwezi. Likisajiliwa kuna dola 400 nyingine, ada ya gari jipya la umeme iliyoanza Texas Septemba 2023, kisha 200 kila mwaka. Hilo halimo kwenye bei yao pia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kanuni ya kuzuia mambo haya ilishaandikwa. Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilipitisha Desemba 2023 kanuni ya kumlazimisha muuzaji aseme bei kamili mapema. Chama cha kitaifa cha wauza magari pamoja na kile cha Texas wakaipeleka mahakamani, na Januari 2025 Mahakama ya Rufaa iliyoko New Orleans ikaifuta kwa sababu za utaratibu. Waliogharamia kesi ile ni biashara ileile inayotutangazia bei zisizo zetu. Na ile haki ya kughairi ndani ya siku tatu ambayo watu huwa wanaitaja? Haihusu ununuzi uliofanyika wote mtandaoni.

Nimepeleka malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa Colorado pamoja na barua pepe zote. Ninadai tofauti kati ya 229 waliyoniandikia na 418 ninayokatwa, pamoja na malipo ya miezi yote ambayo gari limesimama.

Aliyeko Texas ambaye amewahi kusajili gari la kukodi kutoka jimbo lingine, naomba aniambie: hati ya idhini aliidai idara gani ya kampuni ya fedha, na ilichukua muda gani? Na kama kuna aliyeandikiwa bei ya Colorado huku wakijua anakaa jimbo lingine, aweke nakala hapa, majina na namba za simu azifunike. Nitaziambatisha kwenye malalamiko yangu.