Acheni kusema wafanyakazi hawasomi matangazo. Mnayaandika yasisomwe!

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyohivyo. Atakayeona uzi ni mrefu apite tu.

Kazi yangu ofisini ni kuandaa na kutuma matangazo ya ndani. Kila kikao cha menejimenti lazima mtu aseme "wafanyakazi wetu hawasomi", na wote wanatikisa vichwa. Juzi limesemwa tena, safari hii kwa jambo lililoniuma kweli.

Kulikuwa na zoezi la kuhakiki wategemezi wa bima ya afya. Usipohakiki kabla ya tarehe ya mwisho, wategemezi wako wanaondolewa. Niliandika mistari minne: kinachotakiwa, mwisho lini, fomu iko wapi, ukikwama umwone nani. Ikapanda juu kuidhinishwa, ikarudi kurasa tatu. Inaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", inafuata aya nzima ya jinsi uongozi unavyojali ustawi wa watumishi, halafu dira ya taasisi, halafu historia ya mkataba na kampuni ya bima. Tarehe ya mwisho imejificha ukurasa wa tatu, ndani ya sentensi yenye "aidha" mbili na "hivyo basi" moja. Kichwa cha barua pepe? "TANGAZO MUHIMU". Wiki hiyohiyo zilishatoka TANGAZO MUHIMU nyingine za maegesho, za mashine ya kuchapa iliyohamishiwa chumba kingine, na za picha za hafla ya wakurugenzi.

Na likatumwa kwa barua pepe peke yake. Walinzi, madereva, wahudumu wa usafi na mafundi wa zamu ya usiku wengi hawana hata anwani ya ofisi. Wenye nayo wanategemea kompyuta moja iliyo chumbani kwa msimamizi, na usiku chumba kinafungwa. Tarehe ikapita. Walioondolewa, wengi wao ni haohao. Mmoja amejua akiwa dirishani hospitali, amembeba mtoto mgonjwa. Alipokuja kuuliza akajibiwa, "Ulitumiwa taarifa." Alitumiwa wapi?

Halafu mnaniambia hawasomi! Hebu tumeni tangazo kwamba mshahara utachelewa siku mbili muone. Hujanyanyuka kwenye kiti, hata aliyeko likizo ameshapiga simu. Watu wanasoma kinachowahusu, na nyinyi wenyewe mmewazoesha kwamba mengi mnayowatumia hayawahusu.

Sasa dawa za wakubwa. Ya kwanza ni kufuatilia nani kafungua. Nikaagizwa nilete asilimia. Nikajaribu kueleza: programu hizi zinaweka kipicha kisichoonekana ndani ya barua, kikipakuliwa ndipo inahesabika imefunguliwa. Tangu 2021 programu ya Mail ya Apple ina kinga ya faragha, na aliyeiwasha anapakuliwa vipicha hivyo hata kama barua hajaigusa. Namba inapanda, mwenyewe kalala. Upande wa pili, aliyezuia picha kwenye barua zake anaweza kusoma neno kwa neno na akahesabiwa hajafungua. Na hata aliyefungua, kufungua si kuelewa. Hakuna aliyenisikiliza. Slaidi inataka asilimia, basi nawapelekea asilimia.

Ya pili, kundi la WhatsApp la wafanyakazi wote. Hapa nawageukia na nyie wenzangu. Tangazo likiwekwa tu, vinafuata "Asante bosi", "Imepokelewa", vidole gumba, mtu katupia video ya mahubiri, mwingine anauliza "semina ni lini?" chini ya tangazo lenye tarehe ya semina. Mtu wa zamu ya usiku akiamka mchana akute jumbe lukuki, tangazo atalitafuta mpaka lini, kwa bando lake mwenyewe? Tangu 2018 WhatsApp ina uwezo wa kuruhusu wasimamizi wa kundi pekee kutuma ujumbe. Niliomba tuwashe hiyo, nikaambiwa itaonekana udikteta. Haya.

Kwenye barua pepe nako kuna wale wa kujibu wote. Novemba 2016 huko Uingereza barua moja ya majaribio ilikwenda kwa mamia ya maelfu ya wafanyakazi wa NHS (huduma ya afya ya taifa ya huko), wakaanza kujibu kwa wote wakiomba waondolewe kwenye orodha, mfumo wa barua ukaelemewa. Sisi kwetu ni kila wiki, tofauti ni ukubwa tu. Ukificha anwani za wapokeaji tatizo linaisha, ila kuna bosi anataka ionekane kamtumia nani.

Ya tatu ni kusaini daftari kwamba umesoma. Watu wanapanga foleni getini, wanasaini, wanapita. Sina la kuongeza hapo.

Nilichopendekeza mimi hakigharimu hata senti. Wakuu wa vitengo wapewe taarifa siku moja kabla, waielewe, waulize maswali yao, halafu wawaeleze watu wao kwa mdomo mwanzoni mwa zamu. Mfanyakazi anamwamini anayempangia kazi kuliko saini ya mkurugenzi asiyemwona mwaka mzima. Sasa hivi msimamizi anaipata dakika ileile na walio chini yake. Akiulizwa anajibu, "Hata mimi ndiyo naiona." Akishajibu hivyo mara mbili tatu, nani atamuuliza tena? Jibu nililopewa ni kwamba wasimamizi wana kazi nyingi. Mbona muda wa kusaka waliokosa kuhakiki na kuwaandikia barua za onyo wameupata?

Ndiyo, barua za onyo. Mtu kapoteza bima ya mtoto na juu yake kaandikiwa onyo.

Kesho natakiwa kutuma waraka mpya: "Wajibu wa Mtumishi Kusoma Taarifa za Ofisi". Kurasa tano, PDF, kwa barua pepe peke yake.

Kama kuna mdau ambaye kwao mlinzi wa usiku anapata taarifa siku moja na meneja, aje aseme wanafanyaje. Na mwenye kujua namna ya kuwarudisha wategemezi walioondolewa katikati ya mwaka anifuate inbox, hilo ndilo la haraka.