Naomba ushauri: njia rahisi ya kutembea na familia katika Msitu wa Kakamega

Ndugu zangu, natarajia kutoka Kisumu na watoto wawili, mdogo akiwa na miaka 4, pamoja na mama mkwe ambaye goti humsumbua, tukatembee katika Msitu wa Kakamega asubuhi, kabla ya mvua ya alasiri ambayo upande ule ni nadra kukosa. Je, nielekee Buyangu kaskazini au Isecheno kusini, nikitaka njia tambarare inayopita chini ya miti mikubwa na kutokea penye nyasi, ambapo watoto wanaweza kuwaona mbega bila sisi kulazimika kupanda kilima cha Lirhanda? Siafu wananitia wasiwasi kuliko nyoka: suruali iliyochomekwa ndani ya soksi inatosha, au gambuti ni lazima?