Tumecheza sindimba mbele ya wawekezaji, tumelipwa soda ya moto!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule bwana wa makongamano, watu wa Mtwara wote mnamjua, katuita leo tuwachezee wageni wake. Ngoma tumezitoa Mikindani kwa bajaji, nauli yetu. Kuni za kukazia ngozi, zetu. Kina mama wamefunga genge la samaki tangu alfajiri. Tumecheza mpaka wageni wameacha viti.

Nafuata posho. Kaniangalia kuanzia miguu peku hadi kichwani: "Posho ya nini? Nyie si mnacheza bure jandoni? Wapeni soda."

Bure jandoni! Nani kamdanganya? Jando likiingia mtaani fundi cherehani hapati usingizi kwa kazi, mpishi anapata, mwenye turubai anapata, mwenye spika anapata, bodaboda anapata. Mji mzima unakula kwa ngoma! Na huyu huyu muda mfupi nyuma kashika maiki anahubiri utamaduni ni injini ya uchumi wa mji. Injini ya soda ya moto?

Halafu mnashangaa wachonga vinyago wa Kimakonde wamejaa Mwenge, Dar. Hapa wangekula nini? Bure jandoni, mbele ya mama zangu wazima!

Mchangiaji 2: Pole mkuu. Soda ilikuwa kubwa au ndogo?

Mchangiaji 3: Peku mbele ya wawekezaji? Mmejitakia.

Mleta uzi: Sindimba inachezwa na viatu? Hukunielewa, kasema BURE JANDONI!

Mchangiaji 4: Mlikubaliana bei kabla? Kama hapana, tulia.

Mchangiaji 5: Bora nyie. Sisi Lindi mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, mifupa yake kachimbwa na Wajerumani 1909 hadi 1913, leo kasimama Berlin, kimo zaidi ya mita 13, watu wanalipa kiingilio kumwona. Sisi hata hiyo soda hatukuiona.

Mchangiaji 6: Kila uzi mjusi! Semeni mpingo. Unakatwa huku Kilwa, Ulaya wanatengenezea klarineti, sisi tunabaki na visiki.

Mchangiaji 5: Mpingo unaota tena. Mjusi anaota?

Mchangiaji 6: Unajua mpingo unachukua miaka mingapi kukomaa wewe?

Mleta uzi: Jamani, posho yetu...

Mchangiaji 7: Samahani wakuu, pantoni ya Msangamkuu leo mwisho saa ngapi?

Mchangiaji 5: Mrudisheni mjusi kwanza.