Masafa ya redio visiwani: mvuvi analipishwa leseni kila mwaka, kampuni imekalia masafa na haiulizwi

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza redio za boti, na usimamizi wa masafa, yaani namba za mawimbi ambazo redio na simu hutumia hewani, katika hizi nchi ndogo za visiwa unanitia hasira. Ofisi inayoitwa mdhibiti wa mawasiliano imegeuka dirisha la kupokelea ada.

Nianze na chaneli ya 16, yaani megahezi 156.8. Dunia nzima, chombo kikipata ajali baharini kinaitia hapo. Nahodha mmoja alinijia analalamika kwamba mchana redio yake inasikia vizuri, lakini usiku akiwa kazini haipati mtu. Nikaiwasha, nikazungusha kitufe cha kukatia mkwaruzo taratibu mpaka ikanyamaza, nikaishia hapo hapo. Kisha nikamwambia awashe zile taa mpya za LED alizofunga juu. Mkwaruzo ukarudi palepale. Zima taa, kimya. Washa, kelele. Ina maana usiku, taa zikiwaka, mwenzake aliye mbali anaweza kuita mpaka sauti imkauke na huyu asisikie hata neno.

Wala hili si jambo geni. Walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari mwaka 2018 kuhusu taa za LED kuvuruga redio za VHF, ndizo hizi za boti, na vifaa vya AIS vinavyoonyesha meli ilipo. Kupima na kuidhinisha vifaa kabla havijaingia sokoni ni kazi ya mdhibiti, sasa taa hizi zimepitaje? Niliwaandikia barua kueleza. Swali la kwanza nililorudishiwa: je, nahodha amelipia leseni ya redio ya mwaka huu? Alikuwa amelipia. Ndipo wakasema hawana kifaa cha kwenda kupimia. Jamani, sasa ile ada ni ya nini?

Halafu wanatuambia ada ni kubwa kwa sababu masafa ni haba. Haba kwa nani? Katika jiji la watu milioni kumi, kampuni nne zikigombania masafa yale yale, hapo nakubali. Lakini Tuvalu nzima, nchi ya visiwa huko Pasifiki, ina watu kama 11,000. Kwenye nchi za namna hiyo masafa yamejaa tele, kinachokosekana ni mtu wa kuyasimamia. Kupandisha bei ya kitu kilichojaa ni kumkamua mvuvi tu.

Na kampuni za simu je? Masafa ya chini kama megahezi 700 ndiyo yanayofika mbali, mnara mmoja unatupa mawimbi mbali zaidi kuliko ukitumia 2600. Kwa visiwa vya nje vyenye kaya chache, hayo ndiyo yenyewe. Lakini kampuni inapewa leseni ya miaka 15 kwa nchi nzima, inajenga minara mji mkuu, bandarini na uwanja wa ndege, basi. Huko kwingine masafa yamelala, na ushirika wa kijiji ukitaka kuyatumia unaambiwa yana mwenyewe. ITU, chombo cha kimataifa cha mawasiliano, humpa aliyeandikisha masafa ya satelaiti miaka 7 awe ameanza kuyatumia, la sivyo anafutiwa. Kama sharti hilo linawezekana angani, linashindikanaje kwa mnara wa kisiwani?

Kuna wanaosema kisiwani hakuna haja ya kupima mwingiliano kwa sababu jirani yuko mbali. Si kweli hata kidogo. Hewa ya moto na kavu ikitanda juu ya hewa yenye unyevu iliyolala baharini, mawimbi ya VHF na yale ya UHF yaliyo juu yake yananaswa katikati na kusafiri mamia ya kilomita kupita upeo wa macho. Stesheni ya nchi jirani inaweza kukuingilia leo, kesho ikapotea. Bila vituo vya kusikiliza na kurekodi saa na chaneli, utapeleka lalamiko gani kwa hiyo nchi jirani?

Tonga, nchi nyingine ya visiwa vya Pasifiki, inatosha kuwa darasa. Mwaka 1988 iliomba ITU nafasi 16 za kuweka satelaiti angani juu ya ikweta, wakubwa wakapiga kelele, ikaishia na 6. Nchi ndogo iliwatikisa kwa kuzijua kanuni tu! Lakini biashara ya kukodisha nafasi hizo ikapewa kampuni ambayo binti wa mfalme alikuwa na hisa nyingi. Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga ilipolipuka, waya pekee wa chini ya bahari uliokuwa ukiiunganisha na dunia ukakatika na kuutengeneza kukachukua wiki tano. Waya wa ndani ya nchi, wa kwenda visiwa vyake vingine, ulichukua zaidi ya mwaka. Kilichobaki ni satelaiti na redio, yaani masafa. Hapo ndipo ungetaka kujua nani ana kibali gani, na kipi kiko wazi tayari kutumika.

Ninachotaka hakihitaji mabilioni. Daftari la leseni liwekwe wazi mtandaoni, kila mtu aone nani ana masafa gani na kisiwa gani anayatumia. Asiyetumia anyang'anywe kwa visiwa ambavyo hajafika. Redio ya usalama kwenye boti ya mvuvi isilipiwe hata senti. Ada za kampuni zinunue vifaa vya kupimia kabla ya kununua gari la mkurugenzi.

Wenye boti, fanyeni lile jaribio la taa usiku wa leo. Mkwaruzo ukirudi, wekeni hapa aina ya taa, chaneli na umbali wa antena kutoka kwenye taa. Nitakusanya yote niyapeleke ofisini, na safari hii nataka jibu la maandishi lenye saini.